Mnyama Mbele, Maji Nyuma: Meru na Arusha Katika Utamaduni Pendwa

Noti ya shilingi 5,000 ina kifaru upande mmoja na mgodi wa dhahabu upande wa pili. Ya 2,000 ina simba, ya 10,000 ina tembo. Hakuna filamu wala kitabu cha mazingira kinachowafikia Watanzania wengi kama karatasi hizo. Muuza nyanya wa soko la Kilombero na konda wa hiace za Sakina huzishika kutwa nzima, huzikunja na kuzirudisha kama chenji, na ni nadra mtu kujiuliza kwa nini kifaru na mgodi vimewekwa mgongo kwa mgongo.

Mada hii inahusu picha za namna hiyo: zile zinazotufundisha maumbile ni nini bila kutuita darasani. Filamu, nyimbo, michoro ya kuuzia watalii, lebo za bia na majina ya timu za mpira vyote vimo. Hoja yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60 eneo la Mlima Meru limeoneshwa kama mahali pa kutazamia wanyama, na mara chache kama mahali ambapo watu wanalima, wanafuga na kuteka maji. Mtafiti wa utamaduni pendwa anayetaka kusema lolote la maana kuhusu uendelevu Arusha hana budi kuanza na hayo yaliyoachwa nje ya picha.

Momella mbele ya kamera

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962. John Wayne anaongoza kundi la watu wanaokamata wanyama hai ili wauzwe kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Sehemu kubwa ya picha zake ilipigwa Tanganyika, na Momella, upande wa mashariki wa Meru, palikuwa miongoni mwa maeneo yake makuu. Waigizaji wenyewe walipanda magari na kuwafukuza vifaru na twiga, kamba mkononi.

Ukiitazama leo, kinachokushika kwanza ni mwendo. Gari linaruka mashimo, vumbi linafunika kioo, mnyama anapigwa kitanzi, watu wanamrukia. Maumbile hapo ni uwanja wa mbio. Waafrika wamo: wanashika kamba, wanasukuma vizimba, wanahudumia kambi. Hadithi si yao. Wenyeji wanapojitokeza kwa wingi ni katika sherehe ya kumpa mgeni, mpiga picha kutoka Ulaya anayelea ndama wa tembo, jina la Mama Tembo. Migomba, kahawa na mifereji ya Wameru havina kazi yoyote katika mtiririko wa visa.

Jirani kabisa na Momella ni Engare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa huko Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, na Kesi ya Ardhi ya Meru ikawa sehemu ya historia ya madai ya uhuru. Kamera za Hollywood zilifika miaka kama tisa tu baadaye. Mtazamaji wa London au Chicago aliyeyaona mawanda yale hakuwa na njia ya kujua kwamba kando yake palikuwa na watu waliokuwa bado wanaidai ardhi.

Tarehe za miaka hiyo zinabanana. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka 1959 na kupata tuzo ya Oscar. Mwaka 1960 ikatangazwa hifadhi ya taifa ya kreta ya Ngurdoto, ambayo mwaka 1967 iliongezewa Mlima Meru na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Septemba 1961 Nyerere alitoa hapa Arusha tamko lake juu ya kuhifadhi wanyamapori, miezi mitatu kabla ya uhuru. Filamu, hifadhi na siasa zilikua pamoja, na kila moja iliikopesha nyingine macho yake. Hata mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger, baada ya kuigiza katika Hatari!, alinunua shamba Momella, akaishi huko na kuliandikia kitabu.

Miaka 60 baada ya Hatari!, mwaka 2022, ilitoka filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe ndiye anayemtembeza mwandishi wa Marekani Peter Greenberg. Tofauti si ndogo: mwongoza msafara sasa ni Mtanzania, ni mwanamke, na ndiye mwenye maneno. Lakini shabaha ni kumvuta mgeni aje, kwa hiyo fremu bado inapangwa kwa jicho la mgeni. Katikati ya mwaka huohuo kaya za kwanza za wafugaji zilianza kuhama kutoka hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Matukio hayo mawili yanastahili kusomwa kwenye meza moja.

Sokoni na mtaani

Utamaduni pendwa hautoki ng'ambo peke yake. Michoro ya Tingatinga inayopangwa kwenye vibanda vya Maasai Market mjini Arusha ilizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Kanuni yake inajulikana: rangi ya kung'aa ya mafuta, usuli wa rangi moja, mnyama mmoja aliyejaa madoa, mara nyingi ndege pembeni. Mteja anapotaka Serengeti, nyuma huongezwa mti wa mgunga na Kilimanjaro yenye theluji. Meru, unaouona ukigeuza shingo tu kibandani hapo, hauna soko.

Muziki una mkasa unaofanana na huo. Kundi la X Plastaz la Arusha lilichana kwa Kiswahili kuhusu maisha ya mtaani, na mmoja wao, Merege, aliingiza uimbaji wa Kimaasai. Albamu yao iliyotolewa Ujerumani mwaka 2004 iliitwa Maasai Hip Hop. Kati ya yote yaliyokuwamo, shuka ya Kimaasai ndiyo iliyopewa kazi ya kuuza.

Kwingineko maumbile yamekuwa nembo tu. Watu wanaagiza Safari, Serengeti, Ndovu au Kilimanjaro baa, wanawashangilia Twiga Stars, Serengeti Boys na Ngorongoro Heroes uwanjani. Mapenzi hayo ni ya kweli, lakini hayamdai mtu chochote kuhusu twiga.

Yasiyopigwa picha

Kwa mkazi wa Arusha, mazingira huanza na bomba. Miamba ya volkano ya Meru huyapa maji ya chemchemi na mito mingi madini ya floraidi, na upande wa Engare Nanyuki viwango vyake ni vikubwa mno kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake yanaonekana mtu akicheka: meno ya kahawia, na kwa walioathirika zaidi, mifupa iliyopinda. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja madini hayo kwa mkaa wa mifupa. Hiyo ni hadithi yenye mlima, sayansi na watoto ndani yake, na bado haijapata filamu yenye umaarufu wa Hatari!

Mito nayo ina habari zake. Themi na Naura hukatiza mjini, ikipita nyuma ya hoteli zinazojaa picha za simba. Takataka nazo zina zake: mifuko ya plastiki, ile ya rambo iliyobeba jina la shujaa wa sinema, ilipigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2019. Hapo ndipo vitu vya kila siku vilipogusa mazingira moja kwa moja, na vichekesho vya mtaani vya siku zile ni data ambayo mtafiti angepaswa kuikusanya kabla haijapotea.

Namna ya kuchunguza

Mada inapendekeza hatua tatu. Kwanza, kuhesabu: katika filamu au tangazo moja, wanyama wanapata dakika ngapi, watu ngapi, na kati ya watu hao nani anasema. Pili, kuuliza watazamaji. Hatari! ioneshwe Engare Nanyuki na Njiro mjini, kisha wazee na vijana waeleze wanachokiona na wanachokikosa. Wazee wa Engare Nanyuki waulizwe haraka, kwani waliokuwa watu wazima mwaka 1951 wamebaki wachache. Tatu, kufuata fedha: nani anaagiza mchoro, nani anachagua jina la albamu, nani analipia kamera.

Vyuo vya kufanya kazi hiyo viko karibu. Chuo cha misitu kiko Olmotonyi, Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru na tayari inatafiti floraidi. Kinachokosekana ni kuwakutanisha wanafunzi wao na wale wa fasihi, filamu na uandishi wa habari, na kuwapa swali moja la pamoja. Mwanzo mwepesi ni shule za msingi: watoto wa darasa la sita wa mjini na wa mlimani wachore "mazingira" kwa nusu saa, kisha zihesabiwe karatasi zenye simba na karatasi zenye bomba.