Matokeo ya Skuli Zetu na Haki ya Mtoto wa Jirani
(Darsa iliyotolewa baada ya sala ya Magharibi, Mji Mkongwe, Unguja)

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa darasa la sita, maneno ya barazani huwa ni yale yale. Skuli fulani imepeleka watoto wengi kwenye michepuo; skuli fulani imetia aibu. Haupiti muda, mzee mwenye uwezo humtoa mwanawe na kumpeleka skuli ya kulipia, na ile aliyoiacha hubandikwa jina: skuli ya watoto wa waliokuja juzi. Usiku huu tujiulize mambo mawili: matokeo yale yanatueleza nini hasa, na yanatuwajibisha nini sisi ambao misikiti yetu imepakana na skuli hizo?

Kwanza tuwajue watoto wenyewe. Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika 893,169. Hilo ni ongezeko la karibu watu laki tatu katika miaka 10, na mkoa huo peke yake ulibeba karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar, ambao walikuwa 1,889,773. Wamo waliozaliwa hapa, wamo waliotoka Pemba, waliotoka mashamba na waliotoka Bara kutafuta riziki ya halali. Madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, ndiyo maana skuli nyingi za mjini zimesomesha kwa mikondo miwili, kundi moja asubuhi na jengine mchana. Miaka ya karibuni zimejengwa skuli za ghorofa kupunguza msongamano, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini mtoto aliyekwisha kupitwa na masomo ya miaka mitatu haponi kwa kuhamishiwa jengo jipya tu.

Pili, tutazame kinachopimwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wengi wamepita katika utaratibu huo. Mtoto ambaye baba yake ana vitabu na uwezo wa kumlipia mwalimu wa jioni huingia darasa la tano akiwa na lugha hiyo mdomoni. Mwenzake, ambaye mama yake hutoka alfajiri kwenda kuuza samaki, huikuta lugha na hesabu siku moja. Wakikaa mtihani mmoja, alama zao hazipimi akili peke yake. Zinapima pia nyumba walizotoka.

Sisemi kwamba mwalimu mzembe asiulizwe. Kusomesha ni amana, na mwenye kuikhini ataulizwa hapa duniani na kesho Akhera. Ninachosema ni kwamba tuhukumu kwa uadilifu. Skuli inayompokea mtoto asiyejua herufi na ikamfikisha kusoma na kuandika imefanya kazi ambayo haionekani katika orodha ya waliofaulu. Suali la haki ni hili: mtoto aliingia akiwa wapi, na ametolewa akiwa wapi?

Ndugu zangu, tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa Zanzibar kuwa elimu ni bila ya malipo kwa wote. Kabla ya hapo zilikuwapo skuli za serikali na skuli za jumuiya mbalimbali, na nafasi ya mtoto wa mkulima haikuwa sawa na ya mtoto wa mjini. Kuta hizo zilivunjwa kwa sheria. Tuchunge tusizijenge upya kwa ada, tukawakusanya watoto wa wenye nacho upande mmoja na wa mafakiri upande mwengine.

Mnaijua sababu ya kuteremka Suratu 'Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa na wakubwa wa Kikureshi akitaraji wasilimu, akaja kipofu, Ibn Ummi Maktum (R.A.), akitaka kufunzwa. Alipomgeukia mbali, ikateremka kumzindua kwamba huyu aliyekuja akiharakia elimu ndiye mwenye haki ya kusikilizwa. Basi sisi ni nani hata tumpe mgongo mtoto kwa sababu ya mtaa aliotoka?

Tufanye nini? La kwanza limo mikononi mwetu walimu wa vyuo: tupange saa zetu kwa kuzingatia mikondo ya skuli, ili mtoto wa mchana apate Qur'ani asubuhi na wa asubuhi aipate jioni. Asilazimike kuchagua kati ya skuli na chuo.

La pili, madrasa zisomeshe watoto wadogo mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionesha kwamba waliopitia maandalizi waliwashinda waliobaki nyumbani, na waliotoka katika maandalizi ya madrasa walikuwa mbele zaidi.

La tatu, vijana wetu wanaosoma vyuo vikuu wajitolee siku mbili kwa wiki, baina ya Magharibi na Isha, wasomeshe hisabati na Kiingereza humu humu msikitini, bila ya ujira na bila ya kuuliza mtoto ni wa nani.

La nne, wazee twendeni katika vikao vya skuli. Mwenye elimu na sauti akiondoka na mwanawe, huondoka pia na suali ambalo angeliuliza kwa niaba ya mama muuza samaki. Na anayebaki na mwanawe pale humtetea na mtoto wa jirani.

Tunamuomba Allah (S.W.) Awape watoto wetu wote elimu yenye manufaa, na Atujaalie tuwe wenye kuchunga amana.

Wabillahi tawfiq.