Bei ya Mbomoaji



Asubuhi ya tarehe 5 Juni 2013, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, ukuta wa jengo la ghorofa nne lililokuwa likibomolewa katika barabara ya Market uliliangukia duka la jirani. Duka hilo, mali ya Jeshi la Wokovu, liliuza nguo na vyombo vilivyokwisha kutumika. Lilikuwa wazi, na wateja walikuwamo ndani. Watu sita walikufa siku ile. Wa saba alikufa siku 23 baadaye. Mwanamke mmoja alikaa chini ya kifusi kwa muda wa saa karibu 13 kabla hajatolewa. Aliokoka, lakini alikatwa miguu yote miwili.

Wengi waliposikia habari hiyo walisema ni ajali. Mahakama hazikusema hivyo, na yale yaliyothibitika mbele yake yanawahusu wote wanaoajiri wabomoaji, pamoja na wale wanaopewa amri ya kulinda mahali pa kazi hiyo.

Mkandarasi alipata kazi kwa zabuni ya dola 112,000, kiasi kilichokuwa chini sana kuliko walichotaka wenzake. Yafaa kuuliza: upungufu huo ungefidiwa na nini? Waendesha mashtaka walieleza kwamba mkandarasi aliyang'oa maboriti ya sakafu ili ayauze. Basi jengo lenyewe ndilo lililokuwa sehemu ya malipo yake. Lakini boriti si mbao tu. Katika majengo ya zamani ya matofali, sakafu ndizo zinazozishika kuta zisiyumbe. Askari aliyewahi kusimamisha hema analijua jambo hilo bila ya kufundishwa na mhandisi: mlingoti haukai wima baada ya kamba zote kukatwa. Ndiyo maana jengo kama hilo hushushwa kutoka juu kwenda chini, ghorofa baada ya ghorofa, na karibu na jirani kazi hufanywa kwa mikono. Kule Philadelphia sakafu ziliondolewa, ukuta ukaachwa peke yake bila mhimili, kisha mashine nzito ikaletwa kando yake.

Mwaka 2015 mkandarasi huyo alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na Januari 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 15 hadi 30. Mwendesha mashine alikiri makosa yake, naye akafungwa. Huenda mtu akadhani kwamba shauri liliishia hapo. La hasha. Katika kesi ya madai, baraza la wazee wa mahakama liligawanya lawama kwa namna iliyowashangaza wengi. Mkandarasi aliyekuwa gerezani alipewa asilimia 1 tu. Mwenye jengo pamoja na kampuni yake walipewa asilimia 18, na msanifu aliyesimamia kazi kwa niaba yao asilimia 5. Asilimia 75 zilikwenda kwa wenye duka, ambao walikuwa wamekwisha kuonywa juu ya hatari iliyokuwa ukutani mwao, na bado mlango wa duka ukabaki wazi. Mwaka 2017 madai hayo yalimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 227. Zabuni ile ya dola 112,000 haifikii hata sehemu moja katika elfu mbili ya fedha hizo.

Huku Uganda, maduka ya zamani ya Kampala yanazidi kuvunjwa ili kupisha maghorofa ya biashara, na mara nyingi ukuta wa duka linalovunjwa hugusana na ukuta wa duka linaloendelea kuuza. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inauhesabu ubomoaji kuwa ni kazi ya ujenzi, yenye kuhitaji kibali. Hata hivyo, ziko desturi ambazo sheria haijazishinda. Baadhi ya wenye mali humwita mbomoaji, wakamwachia mabati, nondo, milango na matofali, wakamlipa fedha kidogo juu yake, wala pasiwe na mkataba. Kwa mapatano kama hayo, mbomoaji huanza na kile kinachouzika kwanza, si kile kinachopasa kutoka kwanza. Mwenye mali mwangalifu huandika katika mkataba ni nani mwenye vifaa vinavyotolewa, kuta za jirani zitategemezwa na nani, umeme na maji vimekatwa na nani. Na fedha huzitoa kwa awamu, baada ya mhandisi kukagua.

Polisi wanalo fundisho lao la karibu zaidi. Usiku wa tarehe 9 Agosti 2020, katika saa za amri ya kutotoka nje, kanisa la Mtakatifu Petro la Ndeeba, mjini Kampala, lilibomolewa kufuatia shauri la ardhi, na baadaye maofisa kadhaa wa polisi walikamatwa kwa sababu ya tukio hilo. Hukumu inayosema ardhi ni ya fulani haisemi jengo lianguke namna gani, wala saa ngapi, wala kwa mkono wa nani. Askari anayetumwa kulinda kazi ya namna hiyo ana haki, na zaidi ya hayo ana wajibu, wa kuuliza kibali kiko wapi na mkandarasi ni nani. Kazi ikifanywa usiku, au ukuta mrefu ukionekana umesimama bila sakafu huku jirani akiendelea kuuza, habari hiyo yampasa ofisa wake na mhandisi wa manispaa siku ile ile.

Kambi nazo zisijidhani ziko mbali. Nyingi za nyumba za zamani katika Afrika Mashariki ziliezekwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Mabamba hayo hayavunjwi kwa nyundo. Hulowanishwa, hushushwa yakiwa mazima, hufungwa, kisha huzikwa mahali palipoidhinishwa. Kazi hiyo ina gharama. Mkandarasi ambaye zabuni yake haiitaji kabisa aulizwe, kabla ya kutiwa sahihi, ameiweka wapi.