Mcheza Kwao Hutuzwa: Michezo ya Kuigiza Mjini Nairobi

Ninyi mlio katika vikundi, jongeeni karibu na redio. Nawe unayesoma maneno haya katika kijitabu, soma polepole, na mwishoni utakuta maswali ya kuzungumza na wenzako.

Leo nataka kusema juu ya michezo ya kuigiza, yaani michezo inayochezwa jukwaani na watu walio hai mbele ya watu walio hai. Sisemi juu ya sinema wala televisheni. Picha ya sinema ikishapigwa, kazi yake imekwisha. Ukicheka au ukisinzia, picha haibadiliki hata kidogo. Mchezo wa jukwaani sivyo ulivyo. Mchezaji husikia kicheko chako, akangoja kitulie, ndipo aseme neno linalofuata. Watu wakinyamaza kwa huzuni, naye hushusha sauti. Kwa hiyo mtazamaji ni sehemu ya mchezo, na asipokuwapo yeye, yaliyobaki ni mazoezi tu. Lishikeni neno hilo, maana ndilo somo la leo.

Mfano wetu utakuwa mji wa Nairobi. Wengi wetu hupita mbele ya majumba yake ya michezo kila siku, tukienda kazini au kutafuta kazi, wala hatujaingia hata mara moja. Tunasema, "Mambo yale ni ya wenye magari," au, "Yale ni ya wasomi." Je, fikira hiyo imetoka wapi? Haikuzuka tu. Ina historia yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kununua tikiti.

JUMBA LA TAIFA

Ukifuata Barabara ya Harry Thuku utaona Chuo Kikuu cha Nairobi, hoteli ya zamani ya Norfolk, na ikielekeana na hoteli hiyo, jumba liitwalo Kenya National Theatre, yaani Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Barabara yenyewe ina kumbukumbu kubwa. Harry Thuku alipinga kodi na kipande, akakamatwa. Watu wakakusanyika penye kituo cha polisi karibu na hapo kudai aachiliwe, na tarehe 16 Machi 1922 wakapigwa risasi, baadhi yao wakafa.

Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule uliotangazwa hali ya hatari katika Kenya, tarehe 20 Oktoba. Fikirini jambo hilo. Huku watu wanakamatwa na kupelekwa vizuizini, huku mapazia yanafunguliwa katika jumba jipya liitwalo la taifa. Michezo ya humo ilikuwa ya Kiingereza, na waliocheza na waliotazama walikuwa hasa Wazungu. Palikuwa pia na jumba jingine mjini, la Donovan Maule, mwigizaji wa Kiingereza aliyeanzisha na mkewe kundi la wachezaji wa kulipwa. Kazi yao ilikuwa ya ufundi, lakini mwenyeji wa Nairobi aliyepita nje hakuona kitu kilichomwita aingie.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Bendera ilibadilika kwa usiku mmoja, lakini desturi za jumba hazikubadilika upesi hivyo.

MIAKA YA 1976 NA 1977

Mwaka 1977 kulikuwa na tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos, Nigeria, lililoitwa FESTAC. Kenya ilipeleka michezo miwili. Mmoja ni The Trial of Dedan Kimathi wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, juu ya kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa mwaka 1957. Wa pili ni Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Kabla ya safari, mnamo Oktoba 1976, michezo hiyo ilichezwa katika ukumbi wa taifa. Hata kupewa siku za kucheza kulileta ugomvi, maana ukumbi ulikuwa umepangiwa michezo ya kigeni, na wenyeji walipata siku chache tu.

Lakini watu walijaa. Ngugi ameandika kwamba usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi, ulipofika mwisho, watazamaji waliungana na wachezaji, wakatoka wakiimba na kucheza mpaka barabarani, wakielekea Norfolk, na polisi wakawarudisha. Mnaona, wasikilizaji? Watu waliokuwa wamezoea kupita nje sasa walikuwa wakitoka ndani, na wimbo ulikuwa wao.

Mwaka uliofuata Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliupeleka mchezo kwa wanakijiji wenyewe, huko Kamiriithu, Limuru, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Waliuandika kwa Kikikuyu, ukaitwa Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili umechapishwa kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Ni habari ya Kiguunda, mfanyakazi maskini mwenye kishamba cha ekari moja na nusu, na jinsi tajiri wake alivyomponyoka nacho kwa hila ya mkopo wa benki. Wanakijiji walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu, na wazee waliwasahihisha waandishi wakisema, "Mzee hasemi hivyo, husema hivi."

Mchezo ulianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa kibali chake. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akatolewa Desemba 1978. Mwaka 1982 kundi la Kamiriithu lilijitayarisha kucheza mchezo mwingine katika ukumbi wa taifa, likakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu kwa mazoezi tu, na watu wakaja kwa wingi kutazama mazoezi yale, mpaka nayo yakazuiliwa. Machi mwaka huo polisi wakalibomoa jukwaa la kijijini.

Labda mtu atauliza, "Kwa nini mchezo uogopwe hivyo, na kitabu kiachwe?" Swali zuri. Kitabu husomwa na mtu mmoja chumbani mwake. Mchezo hutazamwa na watu mia pamoja, katika lugha waliyonyonya kwa mama zao, kila mmoja akimwona mwenzake akitikisa kichwa kukubali. Mtu aliyedhani kwamba shida yake ni yake peke yake, huona pale kwamba ni ya wengi. Hapo ndipo penye nguvu ya mchezo.

MCHEZO ULIPOHAMIA BAA

Mlango mmoja ukifungwa, mwenye hamu hutafuta mwingine. Mwandishi Wahome Mutahi, aliyependwa kwa makala yake ya kuchekesha magazetini, naye aliwahi kufungwa katika miaka ya 1980. Baadaye alitunga michezo ya Kikikuyu ya kuwacheka wakubwa, kama Mugaathe Mubogothi, akaipeleka katika mabaa na mahoteli. Alitambua kwamba pale watu wamekwisha kuketi, na hawaogopi mlango. Hakuhitaji mapazia wala taa nyingi. Watu walicheka mpaka wakatokwa na machozi, kisha wakaenda nyumbani wakiwaza. Mutahi alikufa mwaka 2003.

Wakati huohuo majumba madogo mjini nayo yalilea wachezaji. Kundi la Phoenix, lililokuwa katika Barabara ya Bunge, liliwafunza vijana wengi. Lupita Nyong'o alicheza nalo nafasi ya Juliet wa Shakespeare akiwa msichana wa miaka kumi na minne; mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Hata hivyo kundi hilo lilikuja kufungwa kwa shida ya fedha. Ninataja jambo hili ili mjue kwamba mchezo una maadui wawili: mkono unaofunga mlango, na kiti kitupu. Dhidi ya wa kwanza, mtu mmoja hawezi mengi. Dhidi ya wa pili, anaweza.

MAMBO YA SIKU HIZI

Ukumbi wa taifa ulitengenezwa upya, ukafunguliwa tena mwaka 2015. Mwezi wa Mei 2022 mchezo ule ule uliopigwa marufuku, Ngaahika Ndeenda, ulichezwa humo, siku nyingine kwa Kikikuyu na siku nyingine kwa Kiingereza. Miaka arubaini na mitano ilikuwa imepita tangu Kamiriithu. Ngugi aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 28 Mei 2025.

Msidhani kwamba basi ugomvi umekwisha. Aprili 2025, katika mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walikuja na mchezo uitwao Echoes of War, juu ya vijana na utawala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kucheza. Siku ilipofika hawakuucheza: waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, wakisema hawakupewa watazamaji wala vyombo vya sauti, na nje polisi waliwatawanya watu kwa moshi wa kutoa machozi. Wasichana wale walilijua lile neno tuliloanza nalo leo, kwamba pasipo watazamaji hakuna mchezo.

NAMNA YA KWENDA

Sasa tuje kwako, ndugu msikilizaji. Unataka kwenda. Utafanyaje?

Kwanza, tafuta habari. Soma matangazo mlangoni mwa ukumbi wa taifa, na katika kituo cha Wafaransa, Alliance Française, kilicho karibu na Mtaa wa Loita, ambako pia huchezwa michezo ya Wakenya. Tazama magazeti, au umwombe kijana wako atazame katika simu.

Pili, chagua lugha na namna. Kuna michezo ya Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na Sheng, hasa ya kuchekesha, kama ya kundi la Heartstrings. Kuna ya lugha za nyumbani. Kuna pia michezo ya vitabu vya Kiswahili ambavyo watoto wetu wamepata kutahiniwa, kama Kigogo na Bembea ya Maisha, ambayo makundi huwachezea wanafunzi. Mzazi akienda pamoja na mwanawe, wote wawili watapata cha kuzungumza njiani.

Tatu, fikiria saa na nauli. Mchezo wa jioni huisha usiku, na nauli ya matatu usiku si ya mchana. Mwisho wa juma mara nyingi huwa na mchezo wa alasiri. Anza na huo. Hesabu tikiti na nauli pamoja, usije ukakwama mjini.

Nne, shika adabu za ukumbi. Fika kabla ya wakati. Zima simu, maana mlio mmoja huvunja kazi ya wiki nyingi. Usimweleze jirani kitakachotokea. Lakini usikae kama jiwe: ukiguswa, cheka au lia. Nguo za fahari hazihitajiwi; nguo safi zinatosha.

Tano, jua pesa yako inakwenda wapi. Makundi mengi hayana jumba lao. Hukodi ukumbi kwa siku, hulipia taa, nguo na matangazo, na wachezaji hufanya mazoezi kwa muda mrefu bila mshahara, wakitumaini mapato ya mlangoni. Kwa hiyo mtu anayeomba aingizwe bure kwa kuwa mchezaji ni rafiki yake, hamsaidii rafiki huyo. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Lakini tuzo hutolewa na waliohudhuria.

Na kama mchezo si mzuri? Sema hivyo. Ukimaliza kutazama, mweleze mchezaji kwa heshima kipi kimekuingia na kipi hakikukuingia, kama wazee wa Kamiriithu walivyofanya. Mchezo usiosahihishwa na wenyewe haukui. Ninyi mlio mbali na Nairobi, msikate tamaa. Shule iliyo karibu nanyi labda ina mchezo wa mashindano, nendeni mkautazame. Na kikundi hiki mlimo, kina nini cha kuwazuia kutunga chenu?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mchezo wa jukwaani umetofautianaje na sinema?

2. Kwa nini watu wengi walidhani ukumbi wa taifa si wao? Je, katika mahali penu pana jumba ambalo watu hulionea haya kuingia? Kwa nini?

3. Wazee wa Kamiriithu waliwasahihisha waandishi. Je, ni haki mtu asiyesoma kumsahihisha msomi? Toeni sababu zenu.

4. Mutahi alipeleka mchezo katika baa. Ninyi mngeupeleka wapi, ili watu wa kwenu wauone?

5. Kisa gani cha hapa kwenu kingefaa kuigizwa? Nani hangependa kionyeshwe, na mngemjibu nini?