Damu, Chupa na Saa Zinazopotea

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali upande wa mipango, na Baiolojia niliyofundishwa katika jengo lile pale imebaki kidogo tu kichwani. Lakini Kamati imependekeza tuichangie hospitali ya mkoa mashine ya kupima haraka ni dawa gani inayoua bakteria waliomo katika damu ya mgonjwa. Kabla hatujafungua mifuko, yafaa tujue mashine hiyo inafanya nini na haifanyi nini.

Bakteria wakiingia katika damu na kuzaana humo, mgonjwa hana siku nyingi. Daktari hawezi kungoja. Huanza na dawa anayodhani itafaa, pengine seftriaksoni, pengine ampisilini pamoja na jentamisini. Damu huchukuliwa, hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto. Kwa kawaida hupita siku moja hivi kabla chupa haijaonyesha kwamba kuna kitu kinaota. Kisha bakteria hao hupandwa kwenye sahani, siku nyingine hiyo. Halafu dawa hujaribiwa juu yao, siku nyingine tena. Ndipo daktari huambiwa kama alibahatisha.

Na kukosea kuna gharama. Katika utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa Muhimbili kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watoto waliothibitika kuwa na bakteria katika damu walifariki asilimia 34.9. Kwa bakteria wa kundi la Gramu hasi ilikuwa asilimia 43.5, ilhali kwa malaria ilikuwa asilimia 20.2. Watafiti waliona pia kwamba usugu wa bakteria kwa dawa aliyopewa mtoto ulichangia vifo hivyo. Sisi tuliolelewa tukiamini kwamba kila homa ni malaria tuzitazame tarakimu hizo mara mbili.

Sasa mashine. Ile iitwayo Accelerate Pheno ilipata kibali Marekani mwaka 2017; ASTar, iliyotengenezwa Uppsala nchini Uswidi, ilipata kibali huko mwaka 2024. Huwekewa kiasi kidogo kutoka kwenye chupa iliyokwisha kuonyesha dalili, huwachanganya bakteria na dawa mbalimbali, na kuwapiga picha kila baada ya dakika chache kuona nani anakua na nani amekwama. Majibu hutoka kwa saa sita au saba. Ni kazi ya ajabu, sikatai. Ila angalieni, ndugu zangu: saa hizo huanza kuhesabiwa baada ya chupa kuota. Pasipo chupa, mashine ni kabati.

Wamarekani waliipima Accelerate Pheno kwa wagonjwa 448 katika hospitali za Mayo Clinic na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Dawa za bakteria wa Gramu hasi zilibadilishwa baada ya saa 17.3 badala ya 42.1. Lakini idadi ya vifo haikutofautiana. Na hao walikuwa na wataalamu wa dawa waliokuwa wakingojea majibu yale.

Kwetu nani anangojea? Mdogo wangu alipougua baada ya kupasuliwa, damu yake ilichukuliwa Ijumaa asubuhi. Chupa ilionyesha dalili Jumamosi, na hapakuwa na mtu maabara hadi Jumatatu. Jibu liliandikwa katika daftari Jumatano asubuhi: dawa aliyokuwa akidungwa haikuwa ikiwagusa bakteria wale, na ile iliyofaa ilikuwamo katika stoo ya hospitali hiyohiyo. Karatasi ilifika wodini Ijumaa. Tulikuwa tumemzika Alhamisi. Sikuandika malalamiko. Nimekaa ofisini miaka mingi, najua jinsi karatasi inavyolala mezani. Nyingine zimelala mezani kwangu.

Ipo njia isiyohitaji mashine. Tangu mwaka 2018 kamati ya Ulaya iitwayo EUCAST imeeleza jinsi ya kutandaza matone ya chupa iliyoota moja kwa moja kwenye sahani, kuweka juu yake viduara vya karatasi vyenye dawa, na kupima kwa rula duara lisiloota baada ya saa nne, sita au nane. Ni viduara vilevile ambavyo maabara nyingi zimevitumia kwa miongo mingi. Masharti yapo: vipimo vya kusomea ni vya njia hiyo peke yake, lazima ijulikane ni bakteria gani, na muda wa kusoma usipitilize hata dakika kumi. Maana yake, mtu awepo, hata saa nane usiku.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo la Kamati lirekebishwe. Fedha zetu za mwaka huu zinunue chupa, sahani na viduara, na zilipe posho ya mtaalamu mmoja wa maabara wa zamu ya usiku na ya Jumamosi na Jumapili, pamoja na simu ya kuwapigia wodini. Mashine tuijadili mwakani, tukiwa na daftari la maabara mbele yetu. Naomba hoja hii ipigiwe kura kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula wote mtakwenda kwenye mpira.