Maji Yanakwenda Wapi?

Gari kuukuu likichemka katika kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, dereva husimama, huongeza maji, huendelea. Kesho lachemka tena. Kuongeza maji si kuponya. Tuulize yanakwenda wapi.

Zimeni injini, ngojeni ipoe kabisa. Mkifungua kifuniko cha rejeta kingali moto, maji yatawarukia usoni. Kisha tazameni mipira ya rejeta, na mkanda wa feni kama umelegea. Msipoona panapovuja, chomoeni kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo. Mara nyingi gasketi ya hedi imeungua. Msiliwashe tena, livutwe hadi kwa fundi.

Mshale wa joto ni rafiki asemaye kweli. Heri amsikiaye mapema.