Umeme wa Vipima Mvua vya Shambani

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Mkulima wa kahawa anayejua mvua imenyesha kiasi gani, na majani yamekaa na unyevu kwa saa ngapi, huweza kupanga siku ya kupulizia dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani pasipo kubahatisha. Ndiyo maana vyama vingi vinauliza habari za vile vyombo vinavyopima na kupeleka habari vyenyewe kwa njia ya simu. Bei ya chombo huulizwa na kila mtu. Umeme wa kukiendesha hauulizwi, na humo ndimo hasara na hatari zilimo.

Shauri linalotolewa upesi ni kuvuta waya kutoka ofisini. Mimi silipendi. Waya wa volti 230 uliolazwa migombani utakutana na jembe siku moja, na ardhi itakuwa imelowa. Ikiwa ofisi i karibu, transfoma ikae ndani ya nyumba, kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme uvujapo kufikia miliampea 30, na kitakachotoka nje kiwe volti 12 tu. Hata hivyo umbali hula umeme: waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukienda mita 50 na kurudi, hupoteza zaidi ya volti moja kwa kila ampea ipitayo.

Kwa shamba la mbali, yafaa kutumia betri na paneli ya jua. Hapa ndipo hesabu hukosewa, kwa sababu hufanywa kwa jua la Januari. Tuchukue chombo kinachotumia wastani wa miliampea 50 kwa volti 12. Kwa siku moja hula saa-wati 14 na ushei. Paneli ya wati 10 siku ya jua zuri huleta 40 au zaidi, nasi hufurahi. Lakini Aprili na Mei, mawingu yafunikapo miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, paneli hiyo hiyo huweza kushuka hadi robo, yaani saa-wati 10. Kila siku betri hutoa zaidi ya ipokeavyo. Betri ya risasi ya ampea-saa 7 haifai kushushwa chini ya nusu, na nusu yake ni siku 3 tu. Chombo huzimika katikati ya masika, katika majuma yale yale tuliyokinunulia. Paneli ya wati 20 na betri ya ampea-saa 18 hupitisha wiki nzima bila jua la kutosha. Nyongeza hiyo ya gharama wajumbe wasiikate.

Sasa juu ya moto. Wengi husema volti 12 hazina madhara. Kumrusha mtu, kwa kawaida hazimrushi. Lakini ncha mbili za betri zikigusana kwa waya, au kwa spana iliyoanguka, mkondo huwa mkubwa mno, waya huwa mwekundu na sanduku la plastiki huwaka. Kwa hiyo fyuzi ndogo, tuseme ya ampea 2, haina budi kufungwa kwenye waya wa chanya, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyowekwa karibu na chombo haiulindi waya uliotangulia. Ikiungua mara mbili, tafuteni sababu. Wala isibadilishwe kwa kipande cha waya, kama tuonavyo kwenye pikipiki nyingi.

Betri ya risasi ikichajiwa huweza kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Sanduku lizuie mvua lakini lisizibwe kabisa: litobolewe chini na juu ubavuni, kwa kuwa gesi hiyo hupanda, na matundu yawekewe wavu wa kuzuia wadudu. Nyaya ziingilie chini pia, zikiwa zimening'inia kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika mlangoni. Betri ya lithiamu isiwekwe badala ya ile ya risasi bila kuhakikisha kuwa kidhibiti chaji kimekusudiwa aina hiyo. Paneli ielekezwe kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, na iinamishwe angalau digrii 10 ili mvua ioshe vumbi.

Katibu aandike volti za betri kila mwezi, asubuhi kabla ya jua. Betri ya risasi iliyojaa husoma karibu 12.7, ikisoma chini ya 12.1 imepita nusu, na fundi aitwe juma hilo hilo.