AKINA MAMA WALIOKETI UWANJANI

Mazungumzo na viongozi wa walei, Viwanja Sitini, Ifakara



Sisi wa Viwanja Sitini twajua thamani ya kipande cha ardhi. Leo napenda kuwasimulia juu ya uwanja nilioutembelea Nairobi, uitwao Uhuru Park. Mwaka 1989 chama kilichotawala Kenya wakati huo, KANU, kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alipinga. Alidhihakiwa hata bungeni, lakini mwishowe mpango uliachwa, na uwanja ukabaki wa wote.

Katika uwanja huo ipo pembe iliyopewa jina la Pembe ya Uhuru. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama, wengi wao wazee, waliketi hapo pamoja na Profesa Maathai. Walikataa kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Profesa alipigwa hata akazimia. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari; nasi twajua laana ya mama ina uzito gani. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Waanglikana, lililo jirani, liliwafungulia mlango. Walikaa humo karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 wengi wa wana wao walikuwa wamekwisha kuachiwa. Tarehe 27 Agosti 2010, katika uwanja uleule, Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa.

Nikiwa pale nilimkumbuka mjane wa Injili ya Luka, aliyemwendea hakimu dhalimu bila kuchoka. Nilikumbuka pia aibu yangu. Miaka iliyopita, katika kijiji kimoja cha bonde hili, mama mmoja aliuliza mkutanoni mapato ya shamba la kijiji yamekwenda wapi. Aliambiwa akae chini. Akakaa. Mimi, padre, nilikuwa meza kuu; nikatazama chini. Jioni alileta mayai parokiani kama kawaida yake, wala hakunilaumu.

Ndugu zangu, nilidhani nimelinda amani. Kumbe nililinda ukimya. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 18 na ya 20, yatupa haki ya kutoa maoni na ya kukutana kwa amani. Kijijini, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu. Haki hiyo hufa pale jirani anaponyamazishwa nasi twatazama chini.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika mikutano yetu, ni nani huambiwa akae chini?
2. Je, kanisa letu lingewafungulia mlango akina mama wale?
3. Mkutano ujao, nani atasimama pamoja na anayeuliza?

Mungu awabariki.